Usukani wa Kimamba

Kambi ya wakata miwa, Ruhembe
Jumapili, 12 Januari 2025

Mama Upendo,

Leo ni miezi miwili na wiki moja tangu nitoke Chanzuru. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Natumaini wewe, Upendo na Mjomba hamjambo. Kikohozi cha Mjomba kimepungua? Mpe shikamoo yangu.

Naandika barua kwa sababu simu imetushinda. Kila tukipigiana, nikifika kwenye habari ya trekta unasema mtandao unakatika, na mtandao haukatiki, unakata wewe. Hata siku ukinisikiliza mpaka mwisho, ukifika bandani umesahau. Karatasi haisahau. Ibandike ukutani, uisome ukiwa umesimama mbele ya trekta letu, Kimamba. Theodory wa lori la vitunguu atakuwa mtu wetu wa barua. Kila Jumatatu anapita Mikumi kuja Kidodi, anageuza siku hiyo hiyo.

Sasa sikiliza.

Kila Jumamosi injini lazima izungushwe, la sivyo pistoni zitashikwa na kutu na hapo hata nikileta pampu mpya itakuwa kumvisha maiti viatu. Betri hatuna. Kwa hiyo weka gia ya juu, ita watu wanne wenye nguvu, walisukume mbele kidogo, halafu nyuma, mpaka usikie linapumua ndani. Likipumua inatosha. Wasishike taa. Wasukume kwa matairi.

Lile kopo nililofunika juu ya bomba la moshi lisitoke. Mvua ikiingia humo tumekwisha.

Kuku wasilale kwenye kiti.

Usimwazime mtu spana. Hata Mchungaji. Ya mwisho aliyoazima alirudisha nyingine.

Na Bonifas wa vyuma chakavu asikanyage bandani. Yule akitazama kitu cha chuma haoni kitu, anaona kilo.

Najua tulikubaliana. Masika ikianza na Kimamba hajalima shamba la Mjomba, anauzwa kwa mzani, na tunanunua maksai wawili kwa Sironga. Nilikubali kwa mdomo wangu, Mjomba akiwa amekaa pale pale. Sikatai. Ndiyo maana niko huku nakata miwa iliyochomwa, natema mate meusi kama wino, ili pampu ya dizeli ipatikane. Imebaki kidogo. Usinichoke kabla ya pampu.

Mumeo,
Yared


Chanzuru
19 Januari 2025

Baba Upendo,

Barua imefika. Mimi na mtoto tu wazima. Mjomba kikohozi hakijapungua, kimehamia kifuani. Anakunywa uji tu. Shikamoo yako nimempa, akasema marahaba, akauliza unakuja lini. Habari ya Mjomba nimeitanguliza, kwa sababu barua yako ilikuwa na mstari mmoja wa mtu na ukurasa mzima wa chuma.

Nimeibandika ukutani kama ulivyoagiza. Upendo anaisoma kwa sauti kila akipita, sasa watoto wa mtaa mzima wanajua kwamba Mchungaji alibadilisha spana. Hilo utalijibu mwenyewe ukirudi.

Jumamosi nikaanza kutafuta watu wanne wenye nguvu. Unawajua wenye nguvu wa Chanzuru siku ya Jumamosi? Wote wako gulioni. Mwisho nikaenda kwa Sironga. Akaja yeye na vijana wake wawili, na mkewe Nalepo ambaye alikuja kutazama tu, akaishia kusukuma kuliko wanaume. Tukasukuma mbele, tukasukuma nyuma. Likapumua. Sironga akalizunguka, akalipiga tairi kofi, akaniuliza, "Mama Upendo, huyu amelala tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwezi wa nane.

Akasema, "Kwetu ng'ombe akilala siku tatu tunamchinja. Tunamla, halafu tunamsifu."

Nalepo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha wakanywa chai ya maziwa, maziwa yao na majani yangu, na sukari ya wiki nzima ikaenda nayo. Jumamosi ijayo nitaweka gia ya juu na sitaweka sukari.

Mtaani wananiita mke mwenza wa trekta. Juzi kisimani Mwanasha ananiuliza mbele ya watu, "Mwenzio ameamkaje?" Nikamjibu ameamka bila kuoga, kama kawaida yake. Watu wakacheka na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikakasirika. Mke mwenza wa kweli angenisaidia ndoo moja.

Bonifas amekuja mara mbili. Sikumfukuza. Mtu akipiga hodi anakaribishwa. Aliketi, akanywa maji, akatazama bandani bila kuingia, akasema bei ya chuma imepanda. Nikamwambia nimesikia.

Kuku nimewahamisha. Wamerudi.

Njoo umwone Mjomba.

Sikuzani


Ruhembe
26 Januari 2025

Mama Upendo,

Wewe unaniandikia Bonifas alikunywa maji. Mimi nilisema asikanyage. Maji angekunywa barabarani.

Na Sironga, hukumpata mtu mwingine? Umesahau ng'ombe wake walivyopita kwenye mahindi yetu mwaka juzi, tukabaki na mashina? Leo ndiye daktari wa Kimamba. Haya. Ilimradi injini imezunguka.

Pampu nimepata. Jumapili iliyopita nilikwenda Mikumi kwa fundi mmoja anayefungua matrekta mabovu. Nilikaa kwake mchana kutwa, nikamfanya aijaribu mbele yangu mara tatu mpaka akaniuliza kama nataka kuioa. Ni ya trekta la umri mmoja na Kimamba, pengine walitoka kwenye meli moja. Nimeifunga kwenye shati langu la buluu, Theodory atakukabidhi mkononi. Usiweke chini kwenye mchanga. Usifungue vile vizibo vya plastiki mpaka fundi awe ameshika spana. Mwite yule fundi wa Kilosa mjini mwenye mguu mfupi, si huyu wa kijijini, huyu anatengeneza kila kitu kwa nyundo. Mwambie atoe hewa kwenye mabomba kabla hajawasha. Mwambie hata akisema anajua.

Kazi ni ile ile. Jana wamechoma upande wa mto, tumeingia majivu yakiwa bado ya moto. Nyapara wetu anatuita "wanangu" asubuhi na jioni anatuita "nyinyi watu". Soli za buti zangu zimeisha, nimezifunga kwa mpira wa baiskeli.

Kuhusu Mjomba, nitakuja kiwanda kikifunga. Nikiondoka sasa kitanda changu kinapata mtu kabla sijafika barabarani, na huku wanaoomba kazi ni wengi kuliko miwa. Mnunulie asali. Mwambie Kimamba atalima shamba lake mwaka huu, na yeye ataketi kwenye kiti nami nitasimama pembeni, kama siku ile tulipomtoa shamba la mkonge.

Yared


Chanzuru
Jumapili, 9 Februari 2025

Baba Upendo,

Mjomba Samweli ametutoka Jumanne alfajiri. Tumemzika Jumatano, karibu na mama yako.

Tulimpigia nyapara wako asubuhi ile ile. Akasema atakuambia sasa hivi. Tukachelewesha kaburi mpaka jua likaanza kushuka, watu wakitazama barabara. Hukuja.

Matanga tumeanua juzi. Watani walishuka kutoka Vidunda, wengi, Bibi Miriamu akiwa mbele yao. Wamefanya kazi yote, kuchimba, kupika, kuosha vyombo. Halafu wakafanya na utani wao. Wameondoka na usukani wa trekta. Wanasema hautarudi mpaka uukomboe wewe mwenyewe, kwa miguu yako.

Usikasirike. Nimechoka, sauti imekauka. Nitakueleza mengine.

Sikuzani


Ruhembe
Jumatatu, 10 Februari 2025

Sikuzani,

Theodory anasubiri, injini haijazimwa. Naandikia kwenye goti.

Nyapara aliniambia Ijumaa. Tulikuwa kwenye foleni ya chakula, akasema, "Wewe wa Kilosa, kuna msiba kwenu, nilisahau." Basi. Nilikula, nikarudi kwenye miwa.

Sasa niambie vizuri. Usukani umeondokaje? Usukani hauchomoki kama mhogo. Kuna nati katikati, nati ina spana yake, na spana niliacha chini ya godoro letu. Nani aliitoa? Watani wa Vidunda nawajua tangu utoto. Wanashika mbuzi, wanashika kitanda cha marehemu, wanashika sufuria ya wali, watu wanacheka, wanapewa kuku, mambo yanaisha siku hiyo. Sijawahi kusikia watani wameshika usukani wakapanda nao mlimani.

Mwezi ujao mvua. Pampu imefika, na usukani umeondoka wiki hiyo hiyo. Mtu atajiuliza.

Niambie ukweli. Usukani uko Vidunda, au uko kwenye mzani wa Bonifas? Wewe hukulipenda trekta hili tangu siku ya kwanza. Kama umeuza sema umeuza, usiwasingizie watani kwenye msiba wa mjomba wangu.

Sina Jumapili ya kupanda milima kwa sababu ya mzaha.

Yared


Vidunda
14 Februari 2025

Kwako Yared, mjane wa chuma,

Barua hii ameandika mjukuu wangu, maneno ni yangu, kwa hiyo usimchukie mtoto. Nimempa mama wa ndizi ashuke nayo Ruhembe.

Sikusalimii. Shikamoo yako pia niwekee, utanipandishia.

Nimesikia kutoka kwa Theodory, ambaye mdomo wake ni mrefu kuliko lori lake, kwamba umesema mkeo ameuza usukani. Sasa nimejua kwa nini mjomba wako alikuwa anakohoa. Alikuwa anakohoa wewe. Usukani uko kwangu. Nimeutundika ukutani, naanikia vitunguu. Unapendeza. Wajukuu wanauzungusha, wanakwenda Morogoro na kurudi, na hawajamaliza dizeli hata kidogo, tofauti na wewe.

Nikuambie jinsi ulivyotoka. Nati ilikuwa imelegea. Umefungia kitambaa cha shuka badala ya kuikaza, fundi mkubwa wewe. Tuliuvuta usukani, ukaja.

Wengine walitaka kushika kitanda. Nikasema hapana. Kitanda ni cha marehemu, na marehemu hatuna ugomvi naye, alikuja kwenye misiba yetu yote, hata ule wa mwaka wa mafuriko alikuja kwa miguu. Ugomvi wetu ni na aliyelelewa naye tangu ana miaka minne, akala ugali wake, akavaa kaptura zake, akapewa shamba lake, na siku ya udongo akawa anafanya kazi ya kutwa. Huyo ana kitu kimoja tu anachokipenda. Tukashika hicho.

Usitume kuku kwa Theodory. Usitume mkeo. Mlima huu unauona kila asubuhi ukitoka kitandani, usinidanganye kwamba ni mbali. Watu wa huku wanaushuka wakiwa wamebeba ndizi kichwani na mtoto mgongoni, wewe utapanda mikono mitupu ukilia mgongo.

Njoo na kuku, chumvi, na uso wako. Nimeambiwa una majivu, usioge, tukuone ulivyo.

Mtani wako usiyemweza,
Miriamu


Chanzuru
23 Februari 2025

Yared,

Barua yako ya goti niliisoma nikaiweka. Sikutaka kuandika kwa hasira. Nimengoja hasira iishe, haikuisha, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Umeniita mwizi kabla udongo wa kaburi haujakauka. Ni kweli, trekta hili sikulipenda. Lilipofika nilikuwa na mimba ya Upendo, tukalala bila chandarua ili linunuliwe tairi. Nilisema liuzwe, nikasema mbele ya Mjomba na mbele yako, kwa sauti. Mimi nikitaka kuuza kitu huwa nasema. Bonifas alikuja siku ya tatu ya msiba, akakaa na wanaume, akanivuta pembeni akaniambia, "Mama, pole. Sasa mwenye nguvu ya kukataa hayupo, tupime leo." Nilimwambia atoke nje ya ua wangu. Alitoka na kiatu kimoja, kingine watani walimrushia barabarani. Mimi, niliyetaka kuuza, ndiye niliyemfukuza. Kaa na hilo huko kambini.

Sasa nikueleze siku yenyewe, maana hukuwepo.

Fundi mwenye mguu mfupi alikuwa ameitwa kwa ajili ya Ijumaa, kabla ya msiba. Hakujua kama tuna msiba. Akafika na begi lake siku ya kuanua matanga, akakuta ua umejaa, akataka kurudi. Bibi Miriamu akamwambia, "Usirudi. Marehemu alikuwa anasubiri hiyo pampu kuliko alivyokuwa anasubiri dawa." Ni kweli. Shati lako la buluu alilala nalo kitandani, pampu ikiwa ndani yake, siku nne za mwisho. Nilipotaka kuihamisha alisema iache, ina joto.

Fundi akafunga. Akatoa hewa kwenye mabomba bila kuambiwa. Betri hakuna, lakini watu walikuwepo, msiba mzima, wa Chanzuru, wa Vidunda, Sironga na vijana wake. Wote walisukuma. Wanawake wamefunga kanga viunoni, wazee wanaelekeza, mtu anaanguka, mwingine anampita. Liliwaka karibu na mto. Moshi mweusi, halafu mweupe, halafu hakuna moshi, sauti tu. Nalepo alinishika mkono.

Fundi akaligeuza akalirudisha mpaka uani, akashuka. Hapo Bibi Miriamu akatoka ndani kwa Mjomba amevaa koti la Mjomba na kofia yake. Akapanda kwenye kiti. Akakohoa. Yared, alikohoa kama yeye hasa, kikohozi kile cha mara mbili na cha tatu anakizuia. Akaufuta usukani kwa kiwiko, akaiambia injini, "Haya mwanangu, polepole, hatukimbizwi na mtu." Ua mzima ukacheka, watu wakacheka mpaka wakawa wanalia, na mimi nikawa nalia. Tangu Jumanne sikuwa nimelia, nilikuwa na sufuria za kuhesabu. Alipoizima injini akauvuta usukani, akaushusha, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Huu tunao. Yared aje auombe."

Hivyo ndivyo ulivyotoka. Ungeuliza ningekueleza.

Fundi anasema tunaweza kulima bila usukani, mtu akishika ile fimbo ya chuma usukani ulipokuwa, kwa spana ya bomba. Nimekataa. Kitu kilichoshikwa na watani hakizungukwi kwa mlango wa nyuma. Mimi nitaishi hapa, nitazikwa hapa, nani atanichimbia?

Mvua imeanza kunukia. Juzi ilinyesha kidogo upande wa milima, jana hapa, vumbi tu limelowa. Majirani wanasafisha mashamba. Shamba la Mjomba limesimama na magugu yake, na watu wa ukoo wameanza kupita pale wakitembea polepole, unajua maana yake. Likikaa pori msimu huu wataligawa kwa mwenye nguvu ya kulima, na hutakuwa na la kusema.

Makubaliano yetu ni yale yale. Lakini nakuongezea moja. Mimi sitasimamia mzani. Jumamosi tarehe 8 Machi, kama trekta halijaingia shambani, naenda kwa Sironga kuchukua maksai, nalima mwenyewe, na trekta lako litabaki bandani na kuku mpaka likuote wewe au uliote lenyewe. Nimechoka kulilinda.

Upendo amejifunza kuandika jina lako kwa herufi za kuunga. Ameandika ukutani, chini ya barua yako ya kwanza. Nimeliacha.

Sikuzani


Kidodi
Jumapili, 2 Machi 2025

Mama Upendo,

Leo nimepanda Vidunda. Nimeshuka sasa hivi, nakaa nje ya duka la mama wa ndizi, usukani uko mapajani. Watu wanaopita wananiuliza gari liko wapi.

Niandike yote, maana wewe uliandika yote.

Nilikuwa nimeapa siendi. Wenzangu kambini walisomeana barua ya Bibi Miriamu, wakawa wananiita mjane. Hiyo nilivumilia. Niliposoma habari ya shati la buluu sikuweza kuvumilia, nikamwambia nyapara Jumapili hii sifanyi zamu ya ziada. Akasema nitapoteza kitanda. Nikamwambia kitanda chenyewe kina kunguni, ampe anayekitaka.

Nilinunua kuku hapa Kidodi na pakiti ya chumvi. Njia ile ni ngumu, Mama Upendo. Nilipumzika mara nyingi. Wanawake walinipita wakishuka, wakanisalimu kwa jina, maana walishaambiwa. Mmoja akasema, "Kaza, mjane, mbele kuna kona moja tu." Kona zilikuwa zaidi ya hapo.

Nilipofika Bibi Miriamu alikuwa anachambua maharage. Nikasema shikamoo. Hakuitika. Akamtazama kuku, akasema, "Huyu amekonda kama aliyemleta." Akaichukua chumvi, akaionja, akasema angalau chumvi haijakosa msiba. Watu wakaanza kutoka kwenye nyumba zao. Nilidhani watanitania kidogo, nilipe, nishuke kabla ya mvua. Nikaona wameleta kigoda, wamekiweka katikati ya ua. Usukani ukashushwa ukutani, vitunguu vikatolewa, nikapewa mkononi.

Akaniambia, "Kaa. Sisi tumeshamwigiza, zamu yetu imekwisha. Sasa wewe mwigize. Mtoe Kimamba shamba la mkonge mlete Chanzuru."

Nikasema sijui kuigiza. Akasema, "Umekaa naye miaka thelathini hujui anavyoshika usukani?" Mzee mmoja akasema kwa nyuma, "Mwacheni, huyu anajua kukata miwa tu."

Basi nikakaa. Nikaushika kama alivyokuwa anaushika, dole gumba nje, hakulifunga ndani kwa sababu lilishawahi kuteguka. Nikaanza tu ili waridhike. Nikapita geti la mkonge, nikamwamkia mlinzi kwa sauti yake. Watu wakacheka kidogo. Nikavuka reli, pale aliposhuka akatazama kushoto na kulia kama treni ingemvizia. Wakacheka zaidi. Nikafika kwenye lile daraja bovu, ambapo siku ile mimi niliogopa, nikataka kushuka nitembee. Alinigeukia akaniambia kitu, na hapo kwenye kigoda nikafungua mdomo nikiseme kwa sauti yake. Kilichotoka si sauti yake. Sijui kilikuwa nini. Usukani uliniponyoka. Nililia mbele ya watu wa Vidunda wote na mbuzi wao, na hakuna aliyecheka. Bibi Miriamu aliniacha mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Marahaba."

Yule kuku tulimla wote. Alikuwa mgumu.

Nilikuandikia vibaya kuhusu Bonifas. Nilijua si kweli wakati kalamu inaandika. Ijumaa ile nyapara aliponiambia, nilirudi kwenye miwa nikakata zaidi ya siku zote, watu wakaniuliza kuna nini, nikasema hakuna. Nilikuwa nataka mtu wa kumkasirikia. Kufa hakukasirikiwi, nyapara ana mkate wangu, nikakuchukua wewe. Huo ndio ukweli wenyewe, sina mwingine wa kuupamba.

Bibi Miriamu ameweka sharti moja. Usukani usifungwe kwenye trekta kabla mimi sijaweka udongo kaburini kwa mkono wangu. Nimekubali. Kwa hiyo mambo yatakwenda hivi. Ijumaa tunafunga usukani na nati mpya, nimeinunua hapa. Jumamosi tunaingia shambani asubuhi, na wewe utakaa kando ya tuta la kwanza ulitazame. Plau ikigoma kushuka, au injini ikizima tukashindwa kuiwasha kufika saa nane, sitabishana nawe. Nitakwenda kwa Sironga mwenyewe, nitashika kamba za maksai mwenyewe, na Kimamba nitampeleka kwa mzani mimi, usiku usinione. Akilima, shamba lote tunalima, na nusu ekari ya Nalepo pia, kwa kule kusukuma kwake.

Kambini naaga Jumatano nikishapokea changu. Alhamisi tarehe 6 nitapanda gari la alfajiri kutoka Mikumi, na kabla ya saa sita mchana nitakuwa Chanzuru. Nyumbani sitafika kwanza. Nitashukia makaburini. Njoo na Upendo, mniletee jembe na ndoo ya maji.

Yared